MGONJWA ASILE PEKE YAKE

Mfanyakazi akivunjika mguu kazini, wenzake humbeba, humchangia fedha, na jioni huenda kumjulia hali. Huo ndio udugu wetu, nasi twajivunia. Lakini yuko mgonjwa mwingine ambaye hatumbebi wala hatumchangii, bali twamcheka. Huyo ni yule ambaye chakula kimekuwa adui yake: anayejinyima mpaka mifupa ikatokeza, au anayekula kwa pupa mafichoni kisha akajitapisha. Leo twataka kumsemea huyo.

Wako wanaosema kwamba haya ni maradhi ya Wazungu walioshiba. Hatukubaliani nao. Ni kweli kwamba ugonjwa wa kujinyima, yaani anoreksia, ulipewa jina na daktari wa Kiingereza, William Gull, katika miaka ya 1870. Na ule wa kujitapisha, bulimia, ulielezwa na Gerald Russell wa London mwaka 1979. Lakini kupewa jina Ulaya si kuzaliwa Ulaya. Uchunguzi juu ya wanawake wa Tanzania, uliochapishwa mwaka 2007, ulikuta dalili zake hapa petu. Wala si wanawake peke yao. Wanaume nao huugua. Tena kwetu mgonjwa huyu hubeba mzigo wa pili. Akikonda, majirani hunong'ona kwamba ana UKIMWI au amerogwa. Akijaribu kujieleza, huambiwa anaringa. Basi hunyamaza, na ugonjwa huu hustawi penye kimya.

Wengine hudhani kwamba ni ukaidi. Hao na wakumbuke vijana 36 wa Marekani waliojitolea mwaka 1944 kufanyiwa uchunguzi katika Chuo Kikuu cha Minnesota, chini ya Ancel Keys. Walikuwa wazima wa mwili na akili. Walipunguziwa chakula kwa miezi sita, wakapoteza kadiri ya robo ya uzito wao. Mawazo yao yote yakawa juu ya chakula, wakawa wepesi wa hasira, wakajitenga na wenzao. Njaa yenyewe iliwabadili akili. Basi mtu aliyekwisha kutekwa na njaa ya namna hiyo hawezi kuamriwa "kula tu" akapona.

Dawa yake ni nini? Daktari ni lazima, na chakula cha kipimo ni lazima. Lakini daktari huondoka baada ya kumpima, na mama, kwa mapenzi yake yote, hajui kinachopita moyoni mwa mwanawe baada ya tonge la mwisho. Saa ile ya kutaka kwenda kujitapisha huijua yule aliyeipita. Yeye hakemei wala hashangai. Huketi na mwenziwe, huzungumza naye mambo mengine, mpaka saa ile imepita. Mwaka 1976, huko Highland Park katika jimbo la Illinois, mwuguzi Vivian Meehan alianzisha chama cha kuwakutanisha wagonjwa wa namna hii na jamaa zao, wasaidiane bila malipo.

Jambo hili si geni kwetu. Noerine Kaleeba wa Uganda, aliyefiwa na mumewe kwa UKIMWI, alianzisha TASO mwaka 1987 pamoja na wenzake waliokuwa na msiba huo huo. Na WAMATA ikaanzishwa Dar es Salaam mwaka 1989. Wakati ule dawa za kuwapa uhai wagonjwa hazikuwapo. Watu walisaidiana kwa kukaa pamoja na kusema kweli bila kuona haya. Kilichowezekana kwa ugonjwa ule chawezekana kwa huu.

Lakini udugu huu una masharti. Kwanza, mkutanoni asiwepo wa kutaja kilo zake wala hila za kujinyima, kwa maana mgonjwa akisikia hayo hutaka kushindana. Pili, anayemshika mwenzake mkono awe amekwisha kusimama imara mwenyewe. Tatu, mkutano si badala ya hospitali. Aliyekaa na njaa siku nyingi akishindiliwa chakula kwa ghafla, chumvi za damu yake huvurugika na moyo waweza kusimama. Huyo apelekwe kwa daktari kwanza.

Twaomba basi matawi ya Chama, vyama vya wafanyakazi na jumuiya za wanawake watoe chumba mara moja kwa juma, mlango ufungwe, na majina yasiandikwe popote. Gharama yake ni viti na birika la chai. Tena kila mmoja wetu aache desturi ya kumsalimu mtu kwa mwili wake: "umenenepa", "umekonda sana". Neno hilo, ambalo kwa msemaji ni mzaha wa kantini, kwa msikilizaji laweza kuwa sababu ya kutokula siku tatu.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Twamwambia mgonjwa asione haya kutafuta wenzake. Na sisi tulio wazima, tusogeze kiti, tumkaribishe mezani.