MAONI YA MSIKILIZAJI: Remmy Ongala

Mimi ni mkulima wa Maisaka, Babati. Leo nasema juu ya nyimbo za Remmy Ongala. Remmy alizaliwa Kongo mwaka 1947. Alikuja Dar es Salaam mwaka 1978. Alipigia Orchestra Makassy, kisha Super Matimila. Alifariki mwaka 2010.

Mwaka 1989 ilitoka santuri yake iitwayo "Songs for the Poor Man". Maana yake ni nyimbo za maskini. Jina ni la Kiingereza, lakini ndani amejaza Kiswahili. Hiyo naipenda kuliko zote. Unaisikiliza huku unapukuchua mahindi, na maneno unayaelewa.

Mwaka 1992 ikaja santuri ya "Mambo". Humo baadhi ya nyimbo aliimba kwa Kiingereza. Wageni walimwelewa. Sisi wa vijijini tulibaki na gitaa tu. Hapo simsifu.

Lakini wimbo wake "Mambo kwa Soksi" nauheshimu sana. Aliwahimiza watu watumie kondomu, wajikinge na UKIMWI. Redio Tanzania haikuupiga. Wengi waliona ni aibu. Mimi naona aibu haimkingi mtu na ugonjwa. Anayekuonya waziwazi ndiye anayekupenda.

Mwishoni Remmy aliacha dansi akaimba nyimbo za dini. Wengine walishangaa. Mimi sikushangaa. Tangu zamani aliimba juu ya kifo na shida za wanyonge.

Ndugu msomaji, muziki ukipigwa, cheza. Lakini maneno nayo yasikilize.