Msaidizi Wako, Ufunguo Kwa Nani?



Zamani mwali alikuwa na somo. Akiwa na la kuuliza, liwe la jikoni au la chumbani, alimwendea somo wake, na neno likaishia pale pale. Mwali wa leo ana simu. Saa nane za usiku, mume kalala, yeye anaiuliza akili mnemba mambo ambayo hata mama yake mzazi hathubutu kumwambia. Inamjibu kwa upole, haimcheki, wala haimwambii "hebu subiri nimalize kupika".

Simlaumu, hasa yule aliyeolewa mbali. Nchi yetu ni kubwa na riziki ya mume haichagui. Wapo wasichana wa Unguja na Pemba waliofuata waume zao hadi Bariadi, makao makuu ya Simiyu, mkoa uliozaliwa mwaka 2012. Hapo ni boti mpaka Dar es Salaam, kisha safari ndefu ya basi kuelekea Kanda ya Ziwa. Ukifika unakutana na mashamba ya pamba, sokoni unasalimiwa "mwangaluka", na jirani mwema anakuzungumzisha Kisukuma usichokielewa. Shangazi hayupo, wifi hayupo, na somo yuko ng'ambo ya bahari. Mwanamke huyo akitafuta msaidizi wa kuongea naye, nani wa kumkataza?

Siku hizi kuna njia imekuwa maarufu. Badala ya kutegemea programu ya bure ya kwenye simu, mtu anakodi seva ndogo na kumweka humo msaidizi wake binafsi. Seva ni kompyuta iliyo kwenye jengo la kampuni fulani, mara nyingi Ulaya au Marekani, na haizimwi usiku wala mchana. Umeme wa Bariadi ukikatika, yenyewe inaendelea na kazi. Zile ndogo kabisa zinapatikana kwa dola 4 hadi 6 kwa mwezi, yaani kama shilingi 10,000 hadi 16,000, kutegemea dola imeamkaje siku hiyo. Juu yake unaweka programu huria, mfano OpenClaw iliyovuma mapema mwaka 2026, au nyingine nyepesi zaidi. Unaiunganisha na Telegram, kisha unaiandikia kama unavyomwandikia shoga yako.

Faida zake nazikubali. Dada anayeuza kanga, madira na udi Bariadi anajua kwamba wateja hufunguka kuanzia Mei hivi, ununuzi wa pamba unapoanza na wakulima wakapata pesa. Msaidizi anaweza kumwekea orodha ya wanaodaiwa, akamkumbusha lini aagize mzigo Darajani, na akampigia hesabu ya nauli na faida. Bibi harusi anayepanga shughuli yake ataandikiwa bajeti na majina ya waalikwa. Hayo yote ni mazuri, Alhamdulillah.

Wasiwasi wangu uko kwenye neno "binafsi". Tunadhani kitu kikiitwa chetu basi na siri yake ni yetu. Nasema hapana. Kabla hujakiambia chochote, jiulize ufunguo wake uko kwa nani.

Tuanze na aliye karibu. Wengi wetu hatujui kuweka seva, kwa hiyo tunamwita kijana fundi wa simu pale mtaani. Anafungua akaunti kwa barua pepe yake, anaweka neno la siri analolijua yeye, anaunganisha kila kitu, analipwa na kuondoka. Dada, huyo kijana ameondoka na ufunguo wa nyumba yako. Akitaka leo usiku kusoma ulichoandika, anasoma. Kampuni iliyoko Marekani haikujui wewe ni mke wa nani. Kijana huyu anakujua, anamjua mumeo, na anajua unapopita kwenda sokoni. Kwa mji usio mkubwa kama Bariadi, mimi namwogopa huyu kuliko Mmarekani.

Wa pili yuko mbali. Seva ya dola 4 haina nguvu ya kufikiri. Akili kubwa zinahitaji mashine za gharama, kwa hiyo seva yako ni tarishi tu: inapokea swali lako, inalipeleka kwa kampuni yenye akili hiyo, na inakurudishia jibu. Ziko akili ndogo zinazoweza kukaa kwenye seva yako wenyewe, kama Llama 3.2 ya kampuni ya Meta iliyotolewa Septemba 2024. Lakini hizo zitataka seva kubwa kidogo, zitajibu polepole, na Kiswahili chao kinachechemea. Kwa walio wengi, basi, swali la chumbani bado linavuka bahari.

Na huko linakokwenda, mambo huvuja. Machi 2023 hitilafu kwenye ChatGPT iliwafanya baadhi ya watumiaji waone vichwa vya mazungumzo ya watu wengine. Mwaka 2025 mazungumzo ambayo watu walikuwa wameyatengenezea kiungo cha kushirikishana yalianza kuonekana kwenye Google, mpaka OpenAI ikaiondoa njia hiyo. Julai mwaka huohuo Sam Altman, mkuu wa kampuni hiyo, alisema hadharani kwamba mazungumzo hayo hayana kinga ya kisheria kama ile iliyopo kati ya mgonjwa na daktari, au mteja na wakili wake. Mwenye mali kasema mwenyewe.

Hapa kwetu ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ipo Tume inayoisimamia. Ni jambo jema. Lakini sheria huja baada ya neno kutoka, na neno likishatoka kuhusu ndoa yako, hakuna tume ya kulirudisha kinywani.

Dini yetu ililiona hili mapema. Suratul Baqara, aya ya 187, inawafananisha mume na mke na vazi, kila mmoja kwa mwenzake. Kazi ya vazi ni kusitiri. Na katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim, anatajwa miongoni mwa watu wabaya mno siku ya Kiyama mtu anayekutana na mkewe kisha akaieneza siri yake. Siri ya chumbani ina wenyewe wawili. Wewe ukiamua kuiandika kwenye mashine, mwenzako umemuuliza?

Sasa tufanyeje? Sisemi tuikimbie. Nasema mwanamke ashike ufunguo wake mwenyewe, na ayajue mambo ya kumpa karani huyu na yale ya kumnyima.

Kushika ufunguo si uchawi. Akaunti ya seva iwe kwa jina lako na barua pepe yako. Malipo yatoke kwenye kadi yako, hata ile ya mtandaoni inayotolewa na huduma za pesa za simu. Fundi akikusaidia, kaa pembeni yake, na akimaliza badilisha maneno yote ya siri na ufute ruhusa zake. Mwamuru msaidizi amjibu mtu mmoja tu, wewe. Wekea kikomo gharama za ile akili ya kulipia ili usiamke na deni. Usimpe ruhusa ya kufungua barua pepe zako na picha zako, kwa sababu programu hizi zinaweza kudanganywa na ujumbe wenye maagizo ya hila zikatoa usichotaka kitoke. Wanawake tunaoweka hesabu za vikoba na kusimamia shughuli za watu mia tatu hatushindwi na haya. Jumamosi mbili zinatosha kujifunza, tena kwa dada mwenzako anayejua.

Halafu mpe kazi za sebuleni: bei, ratiba, madeni, orodha ya sokoni, barua ya maombi, na maneno machache ya Kisukuma ya kumsalimia jirani. Usimpe majina ya watu wa nyumbani, picha zako bila stara, maradhi ya mumeo, wala ugomvi wenu.

Na usimfanye sheikh. Chukua mfano mdogo. Bariadi iko magharibi ya Unguja, na jua la huko huzama kama dakika 20 baada ya la kwetu. Msaidizi uliyemwambia wewe ni wa Zanzibar atakuita ufuturu wakati jua bado liko juu ya mashamba ya pamba. Tena seva nyingi huja na saa ya Greenwich, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Hatakwambia kwamba hajui uliko. Atajibu kwa kujiamini vilevile. Ikiwa Magharibi tu inaweza kumpotea hivyo, utamkabidhi suala la talaka au eda yako? Saa ya swala iulize msikiti wa mtaani kwako. Masuala ya ndoa mpeleke mwenye elimu anayejua utu wako na mazingira yako.

Ninalo ombi pia kwa sisi tuliobaki visiwani. Yule mwali anaiuliza mashine kwa sababu sisi hatupokei simu. Tulimpamba, tukamwimbia, tukamsindikiza bandarini, kisha tukamsahau. Masomo na mashangazi, mpigieni simu binti yenu wa Bariadi angalau mara moja kwa wiki, mkae naye kwenye mstari mpaka aseme lile alilokuwa analizunguka. Dakika za maongezi ni rahisi kuliko seva, na sikio lenu mnajua ufunguo wake uko kwa nani.

Allah azisitiri nyumba zetu, awape maelewano walio ndani yake, na awaruzuku subira walio mbali na kwao. Aamin.