Kiti namba 13 Chicago: Obama naye alipita bila kupingwa

Wadau, tukimtaja Obama wengi tunaanzia Ikulu ya Marekani au Kogelo kule Siaya. Leo twende alikoanzia siasa: wilaya ya 13 ya Seneti ya Illinois, kusini mwa Chicago, mitaa ya Hyde Park na South Shore. (Nasema wilaya makusudi, Illinois yenyewe ndiyo jimbo, tusichanganyane.) Hii siyo Seneti ya Washington. Ni ya kwao wenyewe pale Springfield, ina viti 59.

Kabla yake kiti kilikuwa cha mama mmoja, Alice Palmer. Aliteuliwa 1991 baada ya Richard Newhouse, mkongwe aliyekuwa Seneti tangu 1967, kung'atuka. Mwaka 1995 Palmer akataka kupanda zaidi, akagombea Bunge la Washington, na kiti akamwachia Obama kwa baraka zote. Novemba akabwagwa na Jesse Jackson Jr. Basi mama akageuka: jamani, nakitaka kiti changu.

Obama akagoma. Kugombea kulihitaji sahihi 757 za wapigakura. Palmer alikuwa amezikusanya mbiombio, na timu ya Obama ikaenda kuzipitia moja moja. Huyu hakai wilaya hii, huyu ameandika jina kwa herufi za kuchapa badala ya kutia sahihi, kata! Wakaweka pingamizi kwa wapinzani wote wanne, na wote wakaenguliwa. Kura za mchujo wa Democrat za Machi 1996 karatasi ilikuwa na jina moja tu. Na maeneo yale ukishapita mchujo wa Democrat umemaliza kazi, Novemba ni kukamilisha ratiba.

Sheria ilimruhusu, sibishi. Ila sisi tunaoujua mchezo wa pingamizi hatuwezi kujifanya hatuuoni ukichezwa na mtu tunayempenda.

Mwaka 2000 naye akajaribu Bunge la Washington, Bobby Rush akamgaragaza vibaya. Mwaka uliofuata bahati ikamwangukia: vyama vilishindwa kuelewana kuhusu mipaka mipya, likachomolewa jina kwenye kofia ya mtindo wa Abraham Lincoln (siyo utani, sheria yao inataka jina lichomolewe kwa bahati nasibu), Democrat wakashinda. Wilaya ya 13 ikavutwa kaskazini kandokando ya ziwa mpaka kwa matajiri wa katikati ya jiji. Wenye pesa za kampeni wakawa wapigakura wake.

Novemba 2004 akachaguliwa kwenda Seneti ya Washington. Je, watu wa Hyde Park walipiga kura kumpata mrithi? Thubutu! Kule kiti kikiwa wazi viongozi wa chama cha aliyeondoka wanakaa wanateua. Wakamteua Kwame Raoul, mtoto wa wahamiaji kutoka Haiti. Raoul akachaguliwa Mwanasheria Mkuu wa Illinois 2018, na 2019 akateuliwa Robert Peters. Hesabu mwenyewe: tangu 1991 watu wanne, watatu waliingia kwa kuteuliwa, wa nne aliingia mchujo ukiwa hauna mpinzani. Kura zilikuja baadaye, mtu ameshakalia kiti.

Kinachonichanganya ni kwamba kazi imefanyika. Obama alisukuma sheria ya 2003 ya kurekodi mahojiano ya polisi kwenye kesi za mauaji. Raoul alisimamia ndani ya Seneti muswada uliofuta adhabu ya kifo 2011. Peters alikuwa mstari wa mbele kwenye kufuta dhamana ya pesa, iliyoanza kutumika Septemba 2023. Kwa watu wa mitaa ile, ambako vijana weusi wanakamatwa kila siku, hayo siyo mambo madogo.

Kwa hiyo mnasemaje: ungekuwa South Shore ungelalamika? Mimi ningelalamika. Kenya na Bongo mbunge wa jimbo akiondoka tunarudi kwenye foleni ya uchaguzi mdogo, pamoja na vituko vyake vyote.

Na Palmer hakusahau. Mwaka 2008 alimuunga mkono Hillary Clinton.