Indiketa za LED: Mwenye Lori Asilipe Mara Mbili

Katika mikoa ya Shinyanga na Geita kila mtu huuliza bei ya pamba na bei ya dhahabu. Gharama ya kusafirisha mzigo haiulizwi sana, ingawa humo ndimo faida ya mfanyabiashara mdogo inamopotelea. Wiki hii tuzungumzie jambo linaloonekana dogo lakini linalolaza malori gereji: indiketa zinazogoma baada ya kufungwa taa za LED.

Sababu ya wenye malori kukimbilia taa hizi ni ya msingi. Balbu ya kawaida ina uzi, na mtikisiko wa barabara za kuingia machimboni huukata. LED haina uzi. Kwa hiyo mwandishi hapingi taa zenyewe. Anachopinga ni kuuziwa taa peke yake, bila neno lolote juu ya flasha.

Flasha ya zamani hufanya kazi kwa joto. Umeme unaokwenda kwenye balbu hupasha kipande cha metali ndani yake, kikapinda na kukata umeme. Kikipoa hurudi na taa huwaka tena. Balbu ya indiketa ya lori ni wati 21, na kwenye mfumo wa volti 24 huvuta karibu ampia 0.9. LED yaweza kutumia wati 3 tu, yaani takriban ampia 0.13. Kwa umeme huo kipande hakipati joto la kutosha na indiketa inaganda. Flasha za kielektroniki zilizotengenezwa kwa ajili ya balbu nazo hudhani kuna balbu iliyoungua, zikakonyeza mbio mbio kuliko kiwango cha kawaida cha mara 60 hadi 120 kwa dakika.

Hapo fundi asiyejua huanza kukata waya, na hapo ndipo fedha zinapoanza kutoka. Kabla hajakata hata mmoja, mwenye lori amwambie arudishe balbu za zamani pande zote. Zikikonyeza sawasawa, waya ni wazima na dawa ni kubadili flasha. Zisipokonyeza, ubovu ulikuwapo kabla ya LED. Aanze na fyuzi, kisha erthi, kisha soketi ya tela. Katika soketi ya kawaida ya pini 7 za volti 24, pini namba 1 ni erthi, 3 ni indiketa ya kushoto na 5 ni ya kulia. Vumbi la kiangazi na tope la masika huozesha erthi hiyo kwanza kuliko kitu kingine, na erthi mbovu ndiyo huwasha taa za breki kwa unyonge pale dereva anapotoa ishara ya kukata kona.

Kuna ugonjwa mwingine unaowachanganya mafundi: ukiwasha kushoto, kulia nako kunakonyeza. Mara nyingi ni magari ya zamani yenye taa moja tu ya indiketa kwenye dashibodi, iliyofungwa kati ya waya wa kushoto na wa kulia. Balbu hazikujali umeme mdogo uliopita humo, lakini LED huwaka nao. Dayodi mbili na waya mmoja wa erthi vinamaliza kazi, na bei yake haifiki hata ya tairi moja ya baiskeli.

Sasa tuseme juu ya rezista, maana ndiyo njia ya mkato inayopendwa. Fundi huifunga sambamba na LED ili flasha idhani kuna balbu. Kwanza, akiba yote ya umeme imekwisha. Pili, rezista inachemka. Zile za ohm 6 na wati 50 zimetengenezwa kwa magari madogo ya volti 12. Ukizifunga kwenye volti 24, kila taa ikiwaka zinavuta wati 96. Ya lori inatakiwa iwe karibu ohm 27, na ifungwe kwenye chuma kitupu, mbali na plastiki na waya. Lori la kokoto au la mawe ya dhahabu litastahimili. Lakini lori lililofunikwa turubai, limejaa pamba mbegu kutoka vijijini kwenda kiwandani? Anayefunga kitu cha moto nyuma ya mzigo huo kwa kuokoa bei ya flasha hajapiga hesabu yake vizuri.

Flasha ya kununua ni ya kielektroniki, iliyoandikwa volti 24 na kwamba inafaa LED. Kama ile ya zamani ilikuwa na pini mbili na mpya ina tatu, ile ya tatu ni ya erthi na lazima iungwe. Wengi huiacha ikining'inia kisha wakamlaumu muuza spea. Atazame pia volti ya taa zenyewe, kwani za volti 12 zikiingia kwenye lori la volti 24 huungua upesi.

Kwa upande wa malipo, ushauri wetu ni kubakiza sehemu ya ufundi hadi majaribio yafanyike injini ikiunguruma, tela likiwa limeunganishwa, taa kubwa zimewashwa na breki imekanyagwa, kushoto kisha kulia, mtu mmoja akiwa amesimama nyuma ya tela akihesabu mikonyezo kwa saa.