Bingwa wa Mapambano Matatu

Najua wengi wenu mkiliona jina langu hapa mtadhani nimewaletea shairi tena. La hasha! Mwaka huu nimekuja na maneno ya ndondi, tena ndondi za mbali, za Thailand, na sababu ninayo.

Muhula wa kwanza kulikuwa na kijana katika darasa letu (sitamtaja, wenyewe mnamjua) aliyekuwa akifika shuleni asubuhi mikono imevimba kwa mazoezi ya jioni. Siku moja saa ya chakula cha mchana akatuambia ati anaacha shule akawe bondia. Tulipomuuliza kulikoni, alikuwa na hoja moja tu. Kuna Mthai mmoja aliyekuwa bingwa wa dunia katika pambano lake la tatu. "La tatu, jamani! Na nyinyi mnakaa hapa miaka minne mkingojea cheti." Sote tulinyamaza. Hata mimi nilinyamaza, na mwalimu wa Kiswahili ni shahidi kwamba mimi si mtu wa kunyamaza.

Maneno yale yalinikera kwa sababu sikuwa na jibu. Nikaanza kutafuta habari za huyo Mthai, na leo nataka kutoa maoni yangu: alichosema rafiki yetu ni kweli, lakini ni kweli iliyokatwa kichwa na miguu.

Mthai mwenyewe anaitwa Saensak Muangsurin. Alizaliwa mwaka wa 1950 mkoani Phetchabun. Hilo Muangsurin si jina la babake. Mabondia wa kule huchukua jina la kambi yao ya mazoezi, kama vile wewe uitwe kwa jina la shule yako popote uendapo. Mnamo Novemba 1974 alicheza pambano lake la kwanza la ndondi za kulipwa, akashinda. La pili akashinda. La tatu, tarehe 15 Julai 1975, mjini Bangkok, alikutana na Perico Fernandez wa Uhispania, bingwa wa WBC katika uzani usiozidi kilo 63.5. Mhispania hakumaliza raundi ya nane. Mkanda ukahama. Hakuna bondia wa kiume aliyewahi kuupata ubingwa wa dunia kwa mapambano machache kuliko hayo, na hadi leo rekodi hiyo imefikiwa tu, haijavunjwa.

Sasa hapo ndipo rafiki yetu alipofunga kitabu. Lau angefungua ukurasa wa nyuma angekuta kwamba Saensak hakuanza kupigana mwaka wa 1974. Alikuwa tayari bondia wa Muay Thai mwenye jina kubwa kwao. Muay Thai si mchezo wa kupapasana. Ni raundi tano ambazo mtu anakupiga ngumi, teke, goti na kiwiko, na mkikumbatiana hakuna refa wa kuwaachanisha upesi, mnaendelea kutiana magoti hukohuko. Mtu aliyepitia hayo miaka na miaka, ukimwambia leo tutatumia ngumi peke yake, si umempunguzia kazi? Walioandika "mapambano matatu" walianza kuhesabu pale walipofungua macho wao. Ni kama mtu aone muhindi umekomaa shambani aseme umeota jana, kwa vile jana ndiyo siku aliyopita njia hiyo.

Hata huyo aliyeifikia rekodi, Vasyl Lomachenko wa Ukraine, naye alipata mkanda katika pambano la tatu mwaka wa 2014. Je, alitoka wapi? Alitoka Olimpiki, akiwa na dhahabu ya Beijing 2008 na ya London 2012.

Lakini kuna jambo jingine, na hili ndilo lililoninyima usingizi. Huko kuingia kwa haraka kulikuwa na deni. Mnamo Juni 1976 mjini Madrid, Saensak alipokonywa ubingwa na Miguel Velázquez, si kwa kupigwa, bali alifukuzwa ulingoni kwa kurusha ngumi baada ya kengele kulia. Kwa maoni yangu hilo ni kosa la mtu ambaye mikono yake imefika juu kabla ya kichwa. (Mwalimu wetu mmoja anasema hapana, ni hasira tu. Tumekubaliana kutokubaliana.) Oktoba mwaka huohuo alirudi Uhispania akamwangusha Velázquez katika raundi ya pili. Mwaka wa 1977 akamsimamisha Monroe Brooks wa Marekani katika raundi ya kumi na tano! Siku hizo pambano la ubingwa lilikuwa raundi kumi na tano, leo ni kumi na mbili.

Hebu tulia uwaze. Bondia wa kawaida hupewa miaka ya kupigana na watu wa saizi yake, akipanda kidogo kidogo. Saensak hakuwa na siku za namna hiyo. Tangu pambano la tatu kila aliyekuja mbele yake alikuja kutafuta mkanda. Desemba 1978 mjini Seoul alipoteza ubingwa kwa Kim Sang-hyun, katika raundi ya kumi na tatu. Mwaka uliofuata Thomas Hearns akammaliza katika raundi tatu. Jumla alicheza mapambano ishirini tu, akashinda kumi na manne, na baadaye jicho moja likapofuka. Alifariki mwaka wa 2009 akiwa na miaka 58.

Mji huohuo wa Seoul ndiko Robert Wangila wetu alikojipatia dhahabu mwaka wa 1988, Mkenya wa kwanza kufanya hivyo katika ndondi za Olimpiki. Naye alifariki mwaka wa 1994 baada ya pambano kule Las Vegas. Siyataji haya ili kuwatisha watu. Mimi mwenyewe napenda ndondi, na mama akisoma hapa atajua kwa nini nachelewa Ijumaa. Ninachopinga ni kumwambia kijana wa miaka kumi na sita kwamba iko njia ya mkato na Saensak aliipita. Hakuipita. Alipita njia ndefu ambayo sisi hatukuiona, na kule mwisho akalipishwa kwa kukosa nyingine.

Na walimu nao nina neno nao, nikiomba radhi. Rafiki yetu alipokuwa akija na mikono imevimba, aliitwa mkorofi. Hakuna aliyemuuliza anafundishwa na nani, wala kama amewahi kupimwa macho. Hapa shuleni tuna mpira wa miguu, voliboli na riadha. Tungekuwa na jozi nne za glavu na mtu mzima wa kusimamia kuanzia saa kumi hadi saa kumi na moja, sidhani angelazimika kuchagua kati ya ulingo na dawati.

Nilimkuta juzi stendi ya matatu. Amepigana mara mbili, ameshinda moja. Nikamweleza habari za Saensak, zote, pamoja na jicho. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama mtihani wa mwisho wa muhula umepangwa wiki gani. Nikamwambia.