WATOTO WAWILI WA ELFU

Wako waheshimiwa wanaopenda kutuziba midomo kwa hesabu. Leo tutawajibu kwa hesabu.

Mwaka 2008 madaktari waliwapima watoto 1,005 wenye homa huko Dar es Salaam na Ifakara, bonde la Kilombero. Matokeo yakachapishwa 2014. Wenye malaria hawakufika 110. Wengi walikuwa na maradhi ya njia ya hewa. Na homa ya uti wa mgongo, viini vinapoingia katika utando wa ubongo, ilikuwa kiasi cha wawili katika elfu.

"Wawili tu?" Naam, wawili, na hao ni katika wagonjwa wa kuja na kurudi nyumbani, si wa kulazwa. Mtoto asiyetibiwa upesi hufa, au huponea uziwi na kifafa.

Mama wa Kilombero mwanawe akitetemeka husema ni degedege, na wako wanaoamini ni kazi ya shetani, wakaanza kwa mganga. Hatumcheki, neno hilo hata huku visiwani tunalijua. Lakini hebu tuulize: katika hospitali za kaskazini mashariki ya Tanzania bara, uchunguzi uliochapishwa 2004 ulionyesha kuwa chini ya nusu ya waliolazwa na kutibiwa malaria kali walikuwa na viini vyake katika damu. Mshirikina nani basi? Mama asiyesoma, au mwenye koti jeupe anayeita kila homa malaria?

Haki tuiseme: chanjo ya Hib ilianza 2009, ya numokoki ikafuata, na zimeokoa watoto wengi. Ila hazizuii kila kiini. Kinachobaki ni sindano ya kutoa maji ya mgongo, darubini, mtu ajuaye kuitazama, na antibiotiki isiyongoja asubuhi. Wazee huikimbia sindano ile kwa kudhani hulemaza. Nani aliyekaa nao akawaeleza?

Huku kwetu malaria imepungua mno, na kwa hiyo homa yenye degedege ina haki zaidi ya kutiliwa shaka nyingine. Ndugu wa matawi, nendeni kituo cha afya kilicho jirani nanyi mkaulize: akiletwa mtoto saa nane za usiku, shingo imekakamaa au utosi umevimba, nani atamtoa maji ya mgongo? Jibu mtuletee, na jina la kituo.