Msimamizi kwanza, keki baadaye
Siku hizi mtoto anafikisha mwaka na nusu hajabatizwa kwa sababu tu michango ya sherehe haijatimia: turubai, keki, sare za ndugu. Inaniuma sana. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983 inawataka wazazi wambatize mtoto ndani ya majuma ya kwanza, tena inaagiza mhitaji asikose sakramenti kwa ajili ya umaskini. Anzeni na barua ya jumuiya, kisha mafundisho kwa katekista. Halafu tulieni kwenye kumchagua msimamizi, maana hapo ndipo familia nyingi zinapotazama mfuko. Awe ametimiza miaka 16, amepata kipaimara, anaishi imani yake, wala asiwe baba au mama wa mtoto. Mmoja anatosha. Mimi ningemchukua shangazi asiye na kitu lakini asiyekosa jumuiya, kuliko bosi atakayetuma bahasha kisha apotee. Huyo shangazi ndiye awashe mshumaa wa mtoto kutoka mshumaa wa Pasaka, huku maji yakichuruzika kichwani mwa mtoto hadi kwenye kitenge cha mama. Na majina yaandikwe sawasawa: kitabu cha parokia kitafunguliwa tena siku ya kipaimara, na siku ya ndoa.